Mama Usiguse na Fimbo Arobaini na Moja

Leo, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mama Usiguse anarudisha funguo za dawati lake na kustaafu. Katika muda huo kampuni yetu ya udalali wa nyumba imekuwa na mameneja wanne, ofisi tatu na mashine moja ya kudurufu inayokataa kufa. Mama amewaona wote wakija na kuondoka, isipokuwa meneja wa sasa na hiyo mashine.

Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa kupendeza wa kusomwa kwenye sherehe hii. Nimeandika zaidi ya mmoja, sehemu yake haipendezi, na wa kulaumiwa katika sehemu hiyo ni mimi mwenyewe. Nilishauriwa niiondoe. Nimeiacha ibaki. Kumwandikia mama huyu wasifu uliolainishwa kungekuwa kumtukana mbele ya wageni wake.

Alianza kama msafishaji. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba inayouzwa kabla wanunuzi hawajafika, na kuondoa kila kitu kinachoonyesha kwamba binadamu aliwahi kuishi humo: picha za ukutani, mapazia ya maua, vinyago, kalenda za zamani, alama za penseli za urefu wa watoto kwenye fremu ya mlango. Akishamaliza yeye, wanaingia mafundi wa rangi na madebe yao ya krimu. Ofisini tunaita kupooza nyumba. Inapoozwa mpaka mnunuzi akiingia asione cha kumkera, wala cha kumfanya aikumbuke.

Kwa miaka mitano alipooza nyumba za watu bila kunung'unika. Mwaka wa sita akatumwa kwa fundi cherehani mmoja, mama mjane, ambaye sebule yake ilikuwa nyekundu kuanzia sakafuni mpaka darini, na hata swichi za taa alizipaka. Msafishaji wetu alipoanza kushusha pazia la kwanza, yule mjane alikaa kwenye kiti akalia kimya, machozi tu yanateremka. Akalirudisha pazia, akabeba ndoo yake mpaka ofisini, akamwambia meneja wa wakati huo kwamba nyumba ile haiguswi. Meneja akamuuliza yeye ni nani hata aamue. Akajibu kwamba yeye ndiye mwenye ndoo. Nyumba ikaonyeshwa nyekundu vilevile. Wanunuzi wanne walitoka mbio, wa tano akanunua, na jina la Usiguse likamganda mpaka leo.

Mwaka uliofuata alifanywa wakala, na hapo ndipo akaanza mtindo wake ambao wengine wetu tumeuiga na wengine wameucheka. Mteja akifika getini, Mama hamkaribishi kwa sifa. Anamwambia kwanza atakachokichukia. Humu ndani, baba, kuna ukuta wenye picha za nyoka. Humu, dada, bafu ni la rangi ya zambarau na mwenyewe haombi radhi. Anasema mtu akishaonyeshwa baya mapema, anachukia mara moja, anamaliza, kisha macho yanatulia na anaanza kuangalia dari, mabomba na mwanga wa asubuhi. Lakini ukimpitisha kwenye kuta za krimu zinazonukia rangi mbichi, atatumia saa nzima akijiuliza umemficha nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tuliowahi kuuza nyumba yenye unyevu uliofunikwa kwa rangi tunajua mvua ya kwanza ilituumbua vipi.

Kuna ile nyumba ya shabiki wa mpira aliyepaka kuta zote rangi za timu yake, mpaka banda la kuku. Akaja mnunuzi ambaye ni shabiki wa mahasimu wao. Alisimama getini akiapa kwamba mguu wake hautakanyaga mle. Mama hakumbembeleza. Alimwambia tu afikirie raha ya kuipaka upya kwa mkono wake mwenyewe huku mwenye nyumba anaangalia. Bwana yule alinunua siku hiyohiyo, akaja na brashi kabla hajaleta kitanda. Kuna na ile yenye picha kubwa ya mama mkwe juu ya meza ya chakula, macho yanakufuata popote unapokwenda. Ofisi nzima ilisema ishushwe. Mke wa mnunuzi akaitazama, akamtazama mumewe, akaomba picha ibaki.

Nisitie chumvi, zipo nyumba zilizomshinda. Yupo bwana mmoja aliyebandika barua za wapenzi wake wa zamani kwenye kuta za choo, kuanzia juu mpaka chini. Nyumba yake ilikaa sokoni miezi kumi na mmoja. Wanunuzi walikuja wengi, wakajifungia chooni muda mrefu, wakatoka na nyuso za huruma, na hakuna aliyenunua. Mama bado anaitetea. Na kwa wale wasiojua, nyumba yake mwenyewe ni krimu, ndani na nje. Anaipenda krimu. Ugomvi wake ni na anayempakia mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye ile sehemu.

Ni miaka sita iliyopita. Nilikuwa na miezi kumi tu kazini, mtu mzima mwenye mke na madeni ya kawaida, na kabla ya hapo nilipanga bidhaa kwenye madirisha ya duka la samani kwa miaka saba. Mama alikuwa na nyumba moja iliyokuwa ikimtesa, ya mwalimu mkuu mstaafu. Mwalimu alikuwa mjane, macho yakimfifia, na binti yake mwenye duka la dawa katika mji mwingine alikuwa anamsihi akaishi naye. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nyumba ionyeshwe kama ilivyo. Mama akaliandika kwenye mkataba: vilivyo ukutani visiondolewe mpaka mwenyewe ahame.

Vilivyokuwa ukutani ni fimbo arobaini na moja. Zilijaza ukuta mmoja wa sebule. Ni fimbo alizowachapia wanafunzi miaka yote ya kazi, na siku aliyostaafu alizivunja moja moja kwa goti lake. Kila fimbo ilining'inia vipande viwili kwenye misumari miwili, katikati pakiwa na nafasi ya kidole. Chini ya kila moja kulikuwa na karatasi ndogo aliyoiandika kwa mkono, kueleza kwa nini alimchapa mtoto huyo. Alichelewa, mama yake alikuwa amelazwa. Alicheka, kumbe aliyecheka alikuwa jirani yake. Hakuwa na kalamu. Nyumbani pia hawakuwa nayo. Moja ilisema tu: Sikumbuki kosa lake.

Usidhani wanunuzi walilia wakanunua. Waligawanyika vibaya sana. Wapo waliosema mzee amechanganyikiwa. Mama mmoja alisema hawezi kula chakula mbele ya toba ya mtu mwingine. Bwana mmoja mnene alicheka kwa sauti, akasema sisi tulichapwa na tukawa watu, akaendelea kusoma, akafika karatasi ya saba au ya nane, akaondoka bila kuaga. Miezi mitatu ikapita. Meneja, ambaye ndiye huyuhuyu tuliye naye ukumbini leo na ambaye simsemi kwa kisogo, alimwita Mama akamwambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na nyumba ile imetembea vya kutosha. Mwisho wa mwezi ukifika haijauzwa, jalada litapewa mtu mwingine, na yeye aandike barua ya kuomba kustaafu mapema. Mama akamuuliza barua hiyo iwe na nakala ngapi.

Katikati ya mwezi, dada yake Mama akaugua. Akaenda kumuuguza siku nane. Wiki hiyohiyo Mwalimu alikuwa kwa binti yake, akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nyumba ikabaki tupu, na funguo zikabaki ofisini. Meneja akaniita. Akanisomea lile sharti la mkataba polepole, akasema haturuhusiwi kuziondoa zile fimbo, lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba haturuhusiwi kuzitengeneza.

Nami nikazitengeneza.

Nilienda na gundi ya mbao, vibanio, msasa na vanishi. Siku tatu. Nilizishusha zote, nikaziunga vipande kwa vipande, nikasugua mpaka kiungo hakionekani, nikazipaka vanishi, nikazitundika upya kwa mpangilio wa urefu kuanzia mlangoni. Zile karatasi zilikuwa zimepauka na pembe zimejikunja, zikiniharibia mpangilio, basi nikazitia kwenye bahasha na bahasha kwenye droo ya kabati. Sitasema sikuzisoma. Nilisoma tatu au nne. Nilichokiona ni mwandiko mbaya. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikakunja mikono, nikajipongeza. Ukuta ulikuwa unang'aa.

Jumamosi tukawafungulia watu. Walikuja kumi na mmoja. Mmoja alichomoa fimbo, akaipiga kiganjani akicheka, akaomba apigwe picha. Na alikuwepo mkunga wa hospitali ya jirani, amekuja na mabinti zake wawili wa shule ya msingi. Alisimama katikati ya sebule muda mrefu, kisha akaniuliza kama mwenye nyumba anajivunia vitu hivi. Nikamjibu, kwa tabasamu langu la dukani, kwamba ni mkusanyiko wa kumbukumbu za kazi. Akawashika wanawe mikono. Akasema mbele ya wote kwamba hatalea watoto ndani ya nyumba ambayo mtu ametundika vilio vya watoto wa wenzake akavipaka vanishi. Akatoka, na watano wakamfuata. Mpaka Jumatatu mtaa mzima ulikuwa na habari, na mtu alikuwa ameandika neno kwa mkaa kwenye geti la Mwalimu, neno ambalo silirudii hapa.

Jumanne Mwalimu akarudi na binti yake. Bandeji ilikuwa imetolewa siku mbili kabla. Kwa miaka minne hakuwa ameuona vizuri ukuta wa upande wa pili wa sebule yake, na sasa alikuwa anaona mpaka kichwa cha msumari. Nilikuwepo. Nilikwenda kumkabidhi funguo, na nakiri pia nilikuwa nangoja sifa. Aliingia, akasimama, akazitazama fimbo zake zote arobaini na moja zikiwa nzima.

Alisema neno moja: "Mmezifufua."

Kisha akaketi, akamwambia binti yake aingize masanduku yao ndani. Haendi popote. Binti akamsihi, baba tafadhali, macho yenyewe bado mabichi, nani atakupikia, nani atakushika ukiteleza. Akasema mtu hawezi kuhama akaacha nyuma nyumba inayomsingizia. Alikuwa amekaa miaka yote hiyo akitaka watu wamjue alivyokuwa, na mimi kwa siku tatu nilikuwa nimewafanya wamjue kwa uongo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Nilisimama palepale na funguo mkononi.

Mama Usiguse alirudi Jumatano. Nilijiandaa kufokewa, na nakwambieni ningefurahi kufokewa. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya Mwalimu, akamwamkia, akampa pole, akauliza karatasi ziko wapi. Nikaileta bahasha. Akanyoosha kidole ukutani akaniambia: "Mwanangu, uliyeziunga ni wewe. Zivunje."

Sasa, gundi ya mbao ina tabia moja ambayo mimi, kwa utaalamu wangu wote, sikuwa nimeifikiria. Ikishakauka inakuwa na nguvu kuliko mbao yenyewe. Fimbo hazikukubali kuvunjika pale nilipoziunga. Zilivunjika pengine, na nilipozilazimisha pale pa zamani zikapasuka tena, kwa hiyo nyingi zilitoka vipande vitatu badala ya viwili. Ilichukua mchana mzima. Goti langu lilivimba. Kwa kila fimbo Mwalimu alisema karatasi yake bila kuiangalia, darasa, mwaka na sababu, na Mama akaitafuta kwenye bahasha na kuibandika mahali pake. Tulipofika ya ishirini na kitu, Mwalimu akasema: "Hakufanya kitu. Nilikuwa na hasira za nyumbani." Nikashindwa kuendelea. Nililia waziwazi, mtu mzima na fimbo mkononi. Mwalimu ndiye aliyeinuka akaniletea maji, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Alhamisi asubuhi Mama aliingia ofisini, akaketi, akachapa tangazo. Ninalo hapa: "Nyumba ya vyumba vitatu. Paa zima, tangi jipya la maji. Sebuleni zipo fimbo arobaini na moja ambazo mwenye nyumba alizivunja, pamoja na sababu za kuzivunja. Wiki iliyopita ofisi yetu ilizionyesha zikiwa nzima. Uongo huo ni wetu, si wake. Asiyetaka kuziona asije."

Meneja alilisoma mara mbili. Akasema sentensi mbili zile za ofisi yetu zitoke, tutachekwa na mji mzima. Mama akasema zitatoka siku atakayotolewa yeye, na mlango ule pale hauna kufuli. Hakupaza sauti. Meneja akaingia chumbani kwake akafunga. Mama akalipeleka tangazo gazetini mwenyewe, kwa miguu, na nakala nyingine akaibandika kwenye geti la Mwalimu, palepale juu ya lile neno la mkaa.

Jumamosi hawakuja kumi na mmoja. Walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa yule mkunga, peke yake, na tangazo amelikata gazetini na kulikunja kwenye pochi. Mama alimpokea getini akaanza kumwambia atakachokichukia. Mkunga akasema anakijua. Aliingia akasoma karatasi zote, bila kuruka hata moja, na sisi tukasimama barazani kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba, akauliza tangi linajaa kwa muda gani. Akarudi sebuleni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Akamuuliza ni karatasi ipi iliyomwia ngumu zaidi kuandika. Mwalimu akamwonyesha ile ya Sikumbuki kosa lake.

Mkunga akasema nyumba anaichukua. Fimbo Mwalimu aondoke nazo, ni zake, lakini misumari yote themanini na miwili ibaki ilipo. Alisema mabinti zake wana vitu vingi sana vya kutundika.

Mwalimu alihama wiki mbili baadaye, akiwa na fimbo zake kwenye sanduku na karatasi zake kwenye bahasha. Anaishi kwa binti yake. Anatusalimu kila mwaka kwa barua, kwa ule mwandiko wake mbaya, na mimi huisoma barua hiyo neno kwa neno. Mama hakufukuzwa. Mwezi uliofuata wenye nyumba walianza kuja mapokezi wakimuulizia yule mama asiyegusa: mwenye kuta nyeusi, mwenye jeneza la maonyesho sebuleni, mama wa watoto sita ambaye hakutaka michoro yao ya kuta ifutwe. Wote amewauzia nyumba zao. Nimembebea mkoba miaka hii sita na kila nililojifunza katika kazi hii nimelijifunza nyuma yake, nikiwa nimefunga mdomo.

Wiki iliyopita ulitoka waraka. Kuanzia tarehe mosi kila nyumba itakayopokelewa na ofisi hii itapoozwa kabla ya kuonyeshwa, mwenyewe apende asipende, na kila wakala atie saini mbele ya jina lake. Waraka ulibandikwa mapokezi. Tarehe mosi Mama hatakuwepo, na ungetegemea apite bila kuuangalia, maana haumhusu tena. Alivaa miwani akausoma mpaka mwisho. Akatafuta jina lake, likiwa la kwanza kwa ukubwa wa utumishi, na mahali pa saini akaandika kwa herufi kubwa: SIKUBALI. Akaweka na tarehe.

Jina langu ni la nne. Nimeandika lilelile. Najua Meneja anasikia haya yakisomwa, na najua mke wangu ameketi meza ya pembeni na sikuwa nimemwambia bado. Nisamehe, mama watoto, tutaongea nyumbani. Mpaka asubuhi hii, kurasa hizi zilipokwenda kuchapwa, tulikuwa watano kati ya tisa. Wanne waliobaki nawafahamu, nawaheshimu, na siwalazimishi. Kalamu imefungwa kwa uzi pale mapokezi.

Mama yetu, asante kwa miaka thelathini na minne. Asante kwa niaba ya fundi cherehani, ya Mwalimu, hata ya yule bwana wa choo. Dada yako azidi kupata nafuu, magoti yako yapumzike, ulale asubuhi mpaka jua likuchoke. Tunakuombea siku nyingi, njema na zenye vicheko. Iache kazi, uende salama; ule waraka, sisi tuliobaki hatujaukubali.